"Sikunywa" Siyo Jibu: Muulizeni Staa Wenu Alimeza Nini

Wadau, bango la shoo limetoka wiki hii na mjini hakuna stori nyingine. Msanii wa Bongo Fleva, jina kapuni, anarudi jukwaani baada ya miezi 3 ya ukimya. Machawa wamejaa kwenye komenti na mioto yao, timu pinzani nazo zinatoa povu kama kawaida. Kilichosahaulika ni kile kilichomkimbiza jukwaani: ajali ya alfajiri pale Mlandizi.

Kwa wasiokumbuka, jamaa alikuwa anatoka shoo Morogoro, anarudi Dar, usukani ameshika mwenyewe. Saa 10 alfajiri gari likahama upande wake taratibu, bila breki na bila honi, likampata bodaboda aliyekuwa anapeleka nyanya sokoni. Boda akavunjika mtulinga na mbavu 2. Kreti zikatapakaa lami nzima. Trafiki walipofika wakamletea staa kipima ulevi, akapuliza, kikasoma sifuri.

Asubuhi yake akapanda laivu. Kofia, miwani, sauti ya kuumwa. Kwamba Mungu ni fundi, kwamba hakuwa amelewa, kwamba amepuliza mbele ya trafiki na wenye roho mbaya watasubiri sana. Basi ikawa imeisha hivyo. Waliosema ni kafara walisema, waliosema ni kiki ya albamu walisema, na machawa wakatengeneza msemo wao: sifuri ni sifuri.

Sifuri ya pombe, ndiyo.

Lakini siku 10 kabla ya ajali, mtu huyohuyo, kwenye ukurasa uleule, alijirekodi kitandani akiwa na mkanda wa mgongo baada ya kuteleza jukwaani. Mkononi alikuwa na vidonge, anavisogeza kwenye kamera huku anacheka: daktari kanipa vitu vikali bana, nikimeza hivi nazima kama taa. Ile video ilipata lavu kuliko wimbo wenyewe. Watu walicheka mpaka machozi. Na alfajiri ile ya Mlandizi, katikati ya komenti elfu kadhaa, dada mmoja mwenye wafuasi kama 40 aliuliza kwa upole tu: "Kaka, zile dawa za mgongo bado unameza?" Akapata lavu 3. Kisha komenti ikafukiwa na mabishano ya nani mkali zaidi.

Hakuna anayesema imethibitika kwamba vidonge ndivyo vilivyomgonga boda. Damu haikupimwa, kwa hiyo hilo halitajulikana leo wala kesho. Lakini swali la yule dada ndilo lilikuwa swali pekee la maana ukurasa mzima, na halikujibiwa.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya kufikirika, warudi Mei 29, 2017, mji wa Jupiter, Florida, Marekani. Usiku wa manane polisi wanakuta Mercedes imesimama barabarani, injini inawaka, matairi mawili hayana upepo, dereva amelala usingizi kwenye usukani. Wanamwamsha, wanamkuta ni mcheza gofu ambaye hata asiyejua gofu anamjua. Anaongea kwa kuburuta maneno. Wanampulizisha: 0.000. Hakukuwa na tone la pombe. Mwenyewe akasema ni dawa za hospitali zilizomletea mambo asiyotarajia, na kweli mwezi mmoja nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo. Vipimo vilipotoka, mwilini mwake kulikuwa na vitu 5: dawa 2 kali za maumivu za ukoo wa afyuni, dawa ya usingizi, dawa ya kutuliza wasiwasi, na bangi. Oktoba mwaka huohuo akakiri kosa la kuendesha gari kizembe na akawekwa chini ya uangalizi mwaka mzima.

Angalia tofauti hapo. Kule sifuri ilipotoka, polisi hawakusema basi, nenda nyumbani. Waliona mtu hawezi hata kutembea kwenye mstari wakauliza, sasa huyu kameza nini?

Hizo dawa zinaitwa opioidi. Ukoo wake ni ule wa afyuni: mofini, kodeini, tramadoli na ndugu zao. Zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, pale ambapo taarifa ya maumivu inapokelewa. Mfupa uliovunjika unabaki umevunjika, ila ubongo unaacha kupiga kelele. Raha yake ndiyo hiyo, na kwa mtu mwenye maumivu ya kweli ni rehema. Lakini ubongo unaoambiwa utulie hautulii upande mmoja tu. Macho yanakuwa mazito. Mboni zinasinyaa, mwanga unaoingia usiku unapungua. Mkono unachelewa. Mtu anajiona yuko fresh kabisa kumbe anasinzia kwa vipande vya sekunde 2, 3, bila kujua. Gari likiwa spidi 80, sekunde 3 ni mita 66, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, macho yamefumba. Mlandizi gari lilihama taratibu, bila breki. Kila mtu afikirie mwenyewe.

Tramadoli ina la kwake zaidi. Dozi ikizidi, au ikichanganywa na dawa fulani fulani za msongo wa mawazo, inaweza kumwangusha mtu kwa mtukutiko kama wa kifafa. Ongeza pombe au vidonge vya usingizi juu yake, hapo hata kupumua kunapungua. Halafu kodeini na tramadoli zote hubadilishwa na ini kuwa kitu kikali zaidi, na maini ya watu hayafanani. Kuna watu wanaobadilisha haraka kupita kiasi, na wanapatikana kwa wingi hasa Ethiopia na maeneo ya jirani. Watu wawili wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akaenda kufua nguo, mwingine akazimika sebuleni. Kwa hiyo ile kauli ya "mbona rafiki yangu alimeza akaendesha mpaka Tanga" haina msaada wowote.

Sasa kuna wanaotoa hoja nyingine, na siyo ya kijinga: labda ni maumivu yenyewe yanayosababisha ajali, siyo dawa. Mtu mwenye mgongo mbovu hawezi hata kugeuza shingo. Hoja nzuri. Wakanada wa jimbo la Ontario waliichimba kwa namna yao na majibu yakachapishwa 2013. Walichukua kumbukumbu za watu zaidi ya laki 5 ambao wote walikuwa wameandikiwa opioidi, kisha wakatazama waliofikishwa hospitali kwa ajali za barabarani. Yaani hawakulinganisha wagonjwa na wazima. Walilinganisha wanaomeza kidogo sana na wanaomeza zaidi. Walipowaweka watu wote kapu moja, madereva, abiria na watembea kwa miguu, dozi haikuonekana kuleta tofauti. Walipowatazama madereva peke yao, hapo ndipo. Wa dozi ndogo uwezekano wa kuumia ajalini ulikuwa juu kwa 21% kuliko wale wa dozi ndogo kabisa, wa katikati 29%, wa dozi kubwa 42%.

Abiria hakushika usukani, ndiyo maana dozi haikumhusu. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha chawa yeyote.

Cha kushangaza, wale wa dozi kubwa kuliko zote walirudi chini, 23%. Inawezekana wengi wao hawaendeshi tena, inawezekana mwili umezoea. Ndiyo maana madaktari huwa wakali zaidi kuhusu siku za mwanzo, au pale dozi inapopandishwa. Mgonjwa aliyezoea dozi moja kwa muda mrefu, hachanganyi na kitu, hasinzii, anaweza kuruhusiwa na daktari wake kuendesha. Staa wetu alikuwa siku ya 10. Na alishajitangaza mwenyewe kwamba akimeza anazima.

Isije ikaonekana kwamba dawa ni shetani. Kuna wazee wenye saratani wanaolia usiku kucha kwa sababu mofini haijafika walipo. Uganda wanatengeneza mofini ya kunywa wenyewe miaka nenda rudi na wagonjwa wamepata usingizi. Mtu aliyetoka kupasuliwa apewe dawa, na apewe ya kutosha. Tena asionewe aibu. Ugomvi hapa ni wa usukani.

Na usukani, mjini hapa, una mambo yake. Ndani ya lile gari walikuwa watu 4. Meneja, dansa, mpiga picha na staa. Watatu kati yao hawana mgongo mbovu. Lakini inajulikana mjini kwamba gari la yule jamaa hashiki mtu, ni kama wivu wa mke. Meneja aliyemkatia shoo 3 ndani ya wiki moja huku anajua amefunga mkanda wa mgongo, huyo naye alikaa kiti cha mbele akalala. Kwa haki kabisa, lawama za komenti zingegawanywa, yeye angepata fungu kubwa kuliko staa. Staa alikuwa na dawa kichwani. Meneja alikuwa na akili zake zote.

Halafu kuna hili la bahasha. Mtu akienda famasi nyingi za mtaani hapewi boksi. Anahesabiwa vidonge 10, vinatiwa kwenye kibahasha kidogo, juu inaandikwa 1x2 kwa kalamu ya bluu, kwisha. Boksi linabaki kabatini pamoja na ile karatasi iliyokunjwa mara nane, na kwenye ile karatasi ndiko kulikoandikwa kwamba usiendeshe gari wala mashine. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kuhitaji miwani, lakini imeandikwa. Mteja anaondoka na 1x2 yake. Hajaambiwa kitu. Kisheria hizi ni dawa za cheti cha daktari, lakini kila mtu anajua kuna mahali ukiingia ukasema "mgongo" unatoka na bahasha. Na zikibaki hazitupwi: anapewa shemeji, anapewa jirani, anapewa dereva wa semi anayekwenda Tunduma ambaye kiuno kimekaza. Kuna madereva wanaomeza makusudi ili wasisikie uchovu, wanaona inawapa nguvu. Wengine wameiga tu kwenye video za Wamarekani, vikombe vya zambarau na dawa ya kikohozi yenye kodeini ndani, wakadhani ni staili. Nigeria walifika mahali wakapiga marufuku kutengeneza na kuingiza hiyo dawa ya kikohozi, Mei 2018.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haijataja pombe tu, imetaja na dawa pia. Shida ni kile kifaa. Kinachopulizwa barabarani kinaijua pombe na hakijui kitu kingine. England na Wales waliweka viwango tangu Machi 2015, mofini mwisho mikrogramu 80 kwa lita ya damu, na bado wakamwachia mgonjwa mlango: kama unameza kama ulivyoandikiwa na uendeshaji wako haujaharibika, unajitetea kwa karatasi za daktari. Siyo lazima kuiga kila cha Mzungu. Ila ajali inapomlaza mtu wodini, dereva kutopimwa damu kwa sababu tu pumzi yake hainuki bia, hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Tena dereva wa kawaida angalau angeulizwa maswali mawili matatu. Huyu aliombwa selfi.

Sasa boda je? Maana stori yake imeishia kwenye picha moja tu, staa amekaa kitandani wodini, anamkabidhi bahasha, ameandika "undugu". Kwa haki yake, bili ya hospitali alilipa. Baada ya hapo kamera zikaondoka.

Yule kijana ana pikipiki ya mkataba. Kila siku hesabu kwa bosi, siku asipopeleka deni linapanda, na zikipita nyingi pikipiki inarudi kwa mwenyewe, na miezi yote aliyolipa inapotea. Boda yenyewe ilipona, imekunjika usukani tu. Hospitali walimfunga bega, wakampa dawa za maumivu za kwenda nazo nyumbani. Tramadoli. Mbavu zilizovunjika wanaozijua wanazijua, kupiga chafya ni adhabu. Wiki ya 5 akarudi kijiweni. Vijana wenzake wanasema bega linamuuma akikata kona, kwa hiyo anameza kimoja asubuhi, kimoja mchana, na siku ya mizigo anaongeza. Zile za hospitali ziliisha zamani, sasa ananunua kwa bahasha. Abiria wake wanamsifia kwamba siku hizi amepoa, hakimbizi, haongei sana.

Amepoa, ndiyo. Kuna siku alisimama kwenye taa, zikawaka kijani, wenzake wote wakaondoka yeye bado amesimama. Wakamcheka. Mwanafunzi aliyempakia akamgonga mgongoni ndipo akashtuka.

Huyu hana laivu ya kujitetea na hana chawa. Akigonga mtu kesho komenti zitakuwa fupi: bodaboda, bangi hao, hawana akili. Hakuna atakayejua kwamba kidonge kilianzia wapi, na hakuna atakayekumbuka nyanya za Mlandizi. Na yeye akipulizishwa atasoma sifuri, kama yule aliyemgonga. Kumwambia apumzike ni rahisi kwa mtu ambaye hadaiwi hesabu. Lakini angalau mtu mmoja kule wodini angemwambia kwa Kiswahili cha kawaida: hizi ukimeza usipande pikipiki, na kama huwezi kuacha pikipiki, rudi tukubadilishie. Dawa za maumivu zipo za aina nyingi, si zote zinaleta usingizi. Dakika moja ingetosha. Hata yule muuzaji wa bahasha, anayemwona kila wiki, angeweza kuuliza "unaendesha nini wewe?" kabla ya kupokea hela.

Na mashabiki nao, ile video ya "nazima kama taa" bado ipo juu, ina lavu zinaendelea kuongezeka. Juzi dada mwingine maarufu, huyu wa mambo ya urembo, ameweka yake. Amefunga kifundo cha mguu, yuko ndani ya gari, kiti cha dereva, foleni ya Mwenge, anasema dawa alizopewa zinamfanya aone taa za mbele zinacheza muziki. Komenti zote ni vicheko. Na mguu uliofungwa ni wa kulia, wa breki huo.

Tukirudi kwenye shoo yenyewe: ni Dodoma, mwisho wa mwezi, na tiketi zinakimbia. Meneja amehojiwa redioni akasema mgongo wa kijana bado unasumbua kidogo, lakini mashabiki wasiwe na hofu, daktari ameshamwandikia dawa nyingine kali zaidi na atapiga shoo ya masaa 2 bila kukaa. Usiku huohuo wanageuza kurudi Dar kwa sababu Jumapili kuna harusi ya kuimba. Mtangazaji akacheka, akamuuliza kuhusu mavazi ya jukwaani. Nani ataendesha gari kutoka Dodoma, hakuulizwa.